Barua ya wazi kwa viongozi wa chama tawala: siku ya 22 tunaingoja bado

Lubumbashi, wilaya ya Katuba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Kwa Waheshimiwa viongozi wa UDPS, mjini Kinshasa na hapa mkoani Haut-Katanga,
Kwa Waheshimiwa mawaziri na wabunge mnaotoka katika chama hicho,

Waheshimiwa Mabibi na Mabwana,

Nawasalimu kwa heshima yote. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, baba wa watoto wanne, na tangu mwaka 2017 ninaishi kwa kazi ya kibarua kwenye maeneo ya migodi yanayozunguka mji wetu. Sina cheo katika chama chochote. Desemba 2023 nilipanga foleni tangu alfajiri ili nipige kura, na kura yangu niliwapa ninyi. Nasema hivyo ili mjue anayewaandikia ni mtu aliyewaamini, na ambaye angali anataka kuwaamini.

Kabla ya kufika hadharani nimepita njia zote za chini. Nilizungumza na kapita, yaani msimamizi wetu sisi vibarua, nikazungumza na shefu wa kapita. Niliandika barua mbili juu ya vibarua wanaosimamishwa kabla ya kufika siku ya 22 ya kazi, nikazipeleka kwa mkono katika ofisi mbili ambazo sitazitaja majina, na nakala zake ninazo nyumbani zikiwa na muhuri wa kupokelewa. Ya kwanza ina miezi kumi na moja sasa. Ya pili ina miezi saba. Nimerudi kuuliza mara tano, na kila mara karani ananiambia barua yako iko juu kwa wakubwa. Basi nimeona niandike kwa wakubwa wenyewe, mbele ya watu, ili asiwepo tena karani wa kusema iko juu.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua barua ya wazi. Chama chenu kilizaliwa ndani ya barua kama hii. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge kumi na watatu walimwandikia Mobutu, Rais wa wakati ule, barua ndefu, kurasa zaidi ya hamsini, wakamweleza jinsi nchi inavyoliwa na wachache huku mwananchi hana kitu. Étienne Tshisekedi wa Mulumba, baba wa Rais wa sasa, alikuwa mmoja wao. Walivuliwa ubunge, wakafungwa, wakapelekwa mbali na nyumba zao. Februari 1982 UDPS ikaanzishwa. Jina lake lina Demokrasia na lina Maendeleo ya Jamii, na kauli mliyoirithi kwa mzee ni kwamba watu kwanza. Mimi ninauliza juu ya neno hilo moja, watu, na ninauliza kwa upande wa wale wanaoamka saa ambayo mji bado una giza.

Yanayonisumbua ni haya.

1. Siku ya 22

Sheria ya Kazi, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina kifungu cha 40. Kinasema kwamba mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho. Kwa maneno ya langoni: ukivuka siku 22 wewe si kibarua tena, ni mfanyakazi. Hawezi mtu kukuondoa kwa kupunga mkono. Kuna taarifa ya kuachishwa, kuna likizo, kuna matibabu ya mke na watoto, kuna mchango wa uzeeni. Waliotunga kifungu hicho walifikiri vizuri. Walimwona kibarua wakasema asibaki kibarua maisha yake yote.

Sasa naomba niwaonyeshe daftari.

Kapita anakaa karibu na lango akiwa na daftari la shule, jalada lake amelifunga kwa nailoni kwa ajili ya mvua. Kila jina lina mstari wake. Kila siku uliyofanya kazi anaweka kistari kimoja kwa kalamu ya bluu; vistari vinne vinasimama, cha tano kinavikata katikati. Mafungu manne ya namna hiyo ni ishirini. Kisha kinakuja kistari kimoja peke yake. Baada ya hicho anachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari chini ya jina lako. Nimefanya kazi chini ya makapita watatu, na ule mstari mwekundu nimeukuta mahali pale pale. Sijaona hata jina moja lenye vistari ishirini na viwili.

Kapita si mtu mbaya. Yeye mwenyewe anaogopa kazi yake. Siku ya 21 jioni ananiita kando, tena kwa heshima ya mdogo kwa kaka yake mkubwa: “Yaya, pumzika kwanza, tutakuita.” Unarudi nyumbani na kofia yako na miwani yako ya kuchomelea, mke anaangalia mikono yako kabla ya kuangalia uso, kwa sababu mtu anayerudi na vifaa vyake vyote ameambiwa apumzike. Huulizwi kitu. Bunga, yaani unga wa ugali, linaanza kupimwa kwa kopo ndogo.

Wiki mbili, wakati mwingine tatu, simu inalia: njoo kesho. Unafika. Lango ni lile lile. Kontena la ofisi ni lile lile, na kapita ni yule yule. Kilichobadilika ni jina la kampuni kwenye kofia: wamebandika kibandiko kipya juu ya kile cha zamani. Daftari jipya linafunguliwa, kistari cha kwanza kinawekwa, na mbele ya sheria mimi ni mtu aliyefika leo. Kofia yangu ina vibandiko vitatu, kimoja juu ya kingine. Ukibandua pole pole kwa kucha unaweza kusoma miaka yangu yote pale.

Katika kikosi chetu yuko mzee mmoja ambaye ametufundisha wengi wetu kuchomelea bomba kwa chini, ukiwa umelala chali. Amefanya kazi hiyo tangu vita vya pili vya Kongo vilipokwisha. Mwaka jana alikwenda kuuliza habari ya pensheni yake. Sheria inataka mwajiri atoe asilimia 13 ya mshahara na mfanyakazi atoe asilimia 5 kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Walimtafutia jina lake, wakakuta miezi minane. Miaka yote ile, miezi minane, kwa sababu mara moja tu mtu mmoja alimwandikisha kwa haki. Alirudi kazini siku iliyofuata na hakusema neno mpaka saa ya kula.

Waheshimiwa, hapa hakuna sheria ya kutungwa. Ipo, na wanaoikwepa wanaijua kuliko sisi tunaolindwa nayo. Mtu asiyejua kifungu cha 40 hawezi kusimama sawasawa kwenye 21.

2. Sheria inayouliza mwenye kampuni ni nani

Sheria ya ukandarasi mdogo, ile tunayoiita sutretansi, ilitoka tarehe 8 Februari 2017, kabla yenu. Lakini ninyi ndio mlioipandisha bendera. Mamlaka ya kuisimamia, ARSP, mmeipa nguvu. Tumeona viongozi wake wakija huku kwenye migodi na kamera. Sheria inataka kazi ndogo ndogo za migodini zipewe kampuni ambazo wenye hisa nyingi ni Wakongomani, na Rais amesema anataka kuona mamilionea Wakongomani wakitoka humo.

Mimi sipingi. Shaba ni yetu, na si haki mgeni aje na kampuni ya kufagia, kampuni ya kupika na kampuni ya kubeba watu. Lakini nimeisikiliza sheria hii ikisomwa mara nyingi kwenye redio, na kila mara inauliza swali moja: mwenye kampuni ni nani? Swali la pili, mfanyakazi wa kampuni hiyo analipwaje, ana mkataba gani, ameandikishwa wapi, sijawahi kulisikia likiulizwa kwa sauti ile ile. Mimi nimefanya kazi kwa mgeni na nimefanya kazi kwa ndugu yangu Mkongomani. Mstari mwekundu niliukuta kwa wote wawili.

Na kuna jambo linalouma zaidi. Kampuni kubwa ya mgodi inamlipa mkandarasi kwa kila fundi kiasi fulani kwa siku. Mkandarasi anamlipa fundi. Katikati ya bei mbili hizo kuna nafasi, na fundi haruhusiwi kujua upana wake. Tunachomelea bomba moja, mimi na mwenzangu aliyeajiriwa moja kwa moja na mgodi. Yeye ana basi, ana chakula cha moto, ana hospitali ya mgodi kwa mke wake. Mimi ninakula kile nilichokuja nacho kwenye mfuko. Hatuchukiani. Siku nyingine ananigawia. Lakini mtoto wangu akiugua siwezi kwenda kuomba kipande cha hospitali ya mtoto wake.

Mamilionea waje. Lakini chama kinachosema watu kwanza hakiwezi kuhesabu watu kwa kuangalia wenye kampuni peke yao.

3. Mshahara wa chini

Hapa nitasema kwa haki, aisifuye mvua imemnyea. Mshahara wa chini ulikuwa franka 7,075 kwa siku tangu mwaka 2018. Wakati ule dola ilikuwa kama franka 1,600. Kufika 2024 dola ilikuwa imepita 2,800, na ile 7,075 ilikuwa bado imekaa pale. Mwaka 2025 serikali ikaupandisha hadi 14,500, na hatua ya pili ikawekwa ya 21,500 kuanzia Januari 2026. Ni jambo jema na nimelisema wazi kwa jirani zangu.

Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Mshahara huo ni wa siku. Siku 21 mara 21,500 ni franka 451,500. Kama ninarudishwa nyumbani mpaka miezi miwili iishe, basi fedha hiyo ni ya miezi miwili: nyumba, maji, makaa, bunga, daftari za shule, na usafiri wa kutoka Katuba mpaka mahali gari la kazi linapopita. Mahindi yetu mengi yanatoka Zambia, na mpaka ukikaza kidogo tu, tunausikia sokoni kesho yake. Kwa hiyo mmeongeza bei ya siku, na hilo ni kweli, lakini hesabu ya siku zenyewe mmemwachia yule mwenye kalamu nyekundu.

4. Mkaguzi wa kazi

Nilikwenda katika ofisi moja ya serikali kueleza habari ya daftari. Bwana aliyenipokea alinisikiliza vizuri, akaandika. Kisha akaniuliza kama sisi wafanyakazi tunaweza kutafuta mafuta ya gari, maana yeye hana njia ya kufika huko, na akienda, mara nyingi anakwenda kwa gari la kampuni anayokwenda kuikagua. Hakuniomba rushwa. Alikuwa anaona haya. Kwenye meza yake kulikuwa na kitabu cha Sheria ya Kazi ambacho kurasa zake zimeshikwa kwa pini za nguo.

Nilitoka pale nikiwa nimekasirika, na hasira haikuwa juu yake. Kila wiki magari yaliyobeba shaba yanashuka barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, moja nyuma ya jingine. Nchi yetu ni ya kwanza duniani kwa kobalti na imepanda hadi ya pili kwa shaba. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, baadaye ikaweka viwango, na dunia nzima ilisikia. Serikali inayoweza kufunga kobalti ya dunia inaweza kumpa mkaguzi mmoja pikipiki.

5. Fedha za madini

Hili nitalipita haraka, kwa kuwa wenye elimu kuliko mimi wamelieleza. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa maeneo ya chini, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Inataka pia kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya jamii zinazozunguka mgodi. Tunachoomba ni karatasi ukutani, kwenye ofisi ya komini, yaani wilaya ya mji, yenye maandishi makubwa: kiasi hiki kilifika, kilifanya hiki. Mtu wa Katuba au wa Ruashi asimame asome.

6. Karatasi ya mkubwa

Kijana akimaliza masomo ya ufundi hapa, swali la kwanza anaulizwa ni nani anakujua. Kuna karatasi ndogo zinazofika langoni zikiwa na saini ya mkubwa fulani, na mwenye karatasi anaingia mbele ya mwenye ufundi. Sisemi ni mkubwa wa chama chenu, maana jambo hili ni la zamani kuliko serikali yenu na kila chama kimelikuta. Nasema ninyi ndio mlioko sasa. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka kumi na tano na anapenda vyuma kama mimi. Sitaki nimfundishe kuchomelea halafu nimfundishe tena kutafuta saini.

Waheshimiwa, najua mtakayonijibu. Nimeyasikia yote, hata kwa watu wazuri.

Mtaniambia kuna vita. Ni kweli, kuna vita, na sisi tunawalilia ndugu zetu. Huko mashariki Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Nina shangazi aliyekimbia Bukavu na watoto, anaishi sasa katika chumba kimoja na sisi. Kila franka inayotakiwa kwa jeshi itolewe. Lakini kufuata kifungu cha 40 hakutoi franka hata moja katika hazina ya nchi. Fedha hiyo iko kwa mkandarasi, na mchango wa asilimia 13 na 5 ungeingia katika mfuko wa taifa badala ya kubaki nje. Anayeonewa Lubumbashi hampunguzii mtu wa Bukavu mateso yake.

Mtaniambia mmeyakuta. Ndiyo, mliyakuta. Rais alikula kiapo tarehe 24 Januari 2019, na miaka miwili ya kwanza mlikuwa katika ndoa ngumu, yaani serikali ya muungano, na wale waliotangulia, sote tuliona. Lakini Desemba 2020 ndoa hiyo ilivunjika, na tangu 2021 wingi wa bunge ni wenu. Mtoto aliyezaliwa siku ya kiapo kile anasoma shule ya msingi sasa.

Na mkiniambia shule ya msingi ni bure, nitakubali kwa moyo wote. Katiba ya 2006 iliiandika katika kifungu cha 43 ikakaa bila kutekelezwa, na ninyi mwaka 2019 mkaitekeleza. Wanangu wawili wa mwisho wanasoma kwa sababu hiyo. Darasa lina watoto wengi mno na wengine wanakaa chini, lakini wanasoma. Kwa hiyo najua kwamba mkitaka, kifungu kilicholala kinaamka. Ndiyo maana ninawaandikia juu ya kifungu kingine.

Jibu la mwisho linaniogopesha, kwa hiyo nitalisema mwenyewe. Mtu atasema huyu ametumwa, huyu ni wa upinzani, au atatafuta jina langu ni la kabila gani. Nawasihi msiingie huko. Mji huu uliungua kwa maneno hayo. Mwaka 1992 na 1993 nilikuwa mtoto, na niliona jirani zetu wenye asili ya Kasai, waliokuwa wakifukuzwa, wakibeba magodoro kwenda stesheni kulala wakingoja treni. Mama yangu alikuwa anawapelekea bukari, yaani ugali, jioni, na wengine hawakurudi tena. Katika kikosi chetu leo wako Waluba wa Kasai, Waluba wa Katanga, Wabemba, Wasanga, Walunda. Mstari mwekundu hauchagui jina. Tukianza kuitana kwa makabila, atakayefurahi ni yule mwenye daftari.

Tena jambo hili halikuanza kwa siasa ya leo. Desemba 1941, mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, waligoma wakidai nyongeza kwa sababu posho haikutosha na vitu vilipanda bei kwa ajili ya vita vya Ulaya. Walipigwa risasi. Babu zetu walituambia habari hiyo kwa sauti ndogo. Wakati ule aliyekuwa juu alikuwa Mbelgiji, na hakuwahi kuwaambia wale wazee kwamba wao ni wa kwanza. Ninyi mmetuambia. Ndiyo tofauti, na ndiyo sababu tuna haki ya kuwauliza.

Ninaomba haya, kwa niaba yangu na ya wenzangu kumi na wanane ambao wameisikiliza barua hii ikisomwa na wameikubali:

Kwanza, siku 22 zihesabiwe kwa mtu na mahali pa kazi, si kwa jina la kampuni. Kama lango ni moja na kazi ni moja, kubadili kibandiko kusifute siku. Waziri wa kazi anaweza kulitolea maelekezo hilo. Kama maelekezo hayatoshi, wabunge wenu mpo wengi.

Pili, kampuni isipewe au isiongezewe kibali cha ukandarasi mdogo bila kuonyesha orodha ya wafanyakazi wake walioandikishwa katika hifadhi ya jamii. Kwa namna ile ile mnavyoomba karatasi ya wenye hisa, ombeni na karatasi ya mafundi.

Tatu, mgodi wenye kazi uwajibike pamoja na mkandarasi wake. Mkandarasi akitoweka bila kulipa, na wanatoweka, fundi ajue pa kwenda.

Nne, wakaguzi wa kazi wapewe njia yao wenyewe ya kufika, na daftari la kapita liwe kitu cha kwanza wanachoomba kuona.

Tano, kila mfanyakazi apewe karatasi ya malipo, hata akiwa wa siku moja. Sisi tunalipwa mkononi na tunatia kidole gumba kwenye orodha ambayo hatuachiwi kuisoma.

Sita, mje. Si kwa mkutano wa hadhara wenye fulana na muziki. Njooni watu wawili au watatu wenye mamlaka, mkae nasi katika ukumbi wowote wa Katuba, mtusikilize na mtujibu mbele ya watu. Tunaomba jibu ndani ya siku sitini. Nimechagua siku hizo kwa kuwa ni miezi miwili, muda ule ule ambao sheria inautumia kumpima kibarua.

Jina langu sikuliweka hapa, kwa sababu kesho nitasimama langoni na kapita ana watoto wa kulisha kama mimi. Lakini nakala niliyoipeleka kwa mkono katika ofisi yenu ya mkoa ina jina langu kamili, nambari ya nyumba na saini, pamoja na picha ya kurasa nne za daftari ambazo mtu mwenye huruma aliniruhusu kupiga. Hamtakosa kunipata.

Kwa leo nina vistari kumi na sita. Jumatatu, nikijaliwa afya, kitakuwa cha kumi na saba. Ijumaa ya wiki hiyo jioni nitaitwa kando. Kama mtu wenu anataka kuona kwa macho yake mambo niliyoyaandika, aje siku hiyo kabla jua halijazama, asimame upande wa kushoto wa lango ambapo kuna mwembe, na aangalie kalamu nyekundu inavyotolewa mfukoni.

Pokeeni, Waheshimiwa Mabibi na Mabwana, salamu zangu za heshima.

Fundi wa kuchomelea, Katuba, Lubumbashi